Jamhuri ya usiku mmoja: mzaha na uasi katika chapa ya John Sloan ya 1917

Msomaji mmoja wa Morogoro, anayesomea ualimu wa sanaa, ameniuliza hivi: "Katika kitabu cha historia ya sanaa ya Marekani nimekuta chapa ndogo ya John Sloan ya mwaka 1917 iitwayo Arch Conspirators, yaani wala njama wa juu ya tao. Inaonyesha kikundi cha watu waliojifunika makoti wakiwa juu ya paa usiku, na maelezo yanasema walikuwa wakiitangazia uhuru sehemu moja ya jiji la New York. Mhadhiri wetu anasema huo ni uasi wa kijamii. Mimi naona ni watu wa starehe waliokolea divai. Nani kati yetu amekaribia ukweli? Na kwa nini mchoraji mwenye jina kubwa kama lile aliliweka jambo hilo katika chapa ndogo badala ya picha kubwa ya rangi?"

Nitaanza na hukumu yangu, kisha nitaieleza. Wewe umekiona sawasawa kitendo chenyewe, na mhadhiri wako amekiona sawasawa kilicholengwa. Waliopanda juu ya tao usiku ule walikuwa wakicheza, na walijua kwamba wanacheza. Lakini mchezo wao ulielekezwa kwenye mambo mazito yaliyokuwa yakijadiliwa mno mjini New York mwezi ule, yaani vita, mamlaka ya serikali, na haki ya mtu kuyapanga maisha yake mwenyewe. Tena aliyeuchora ni mtu ambaye alikwisha kuchora uasi wenye damu, kwa hiyo chapa yake haitoshi kusomwa kama kumbukumbu ya karamu, wala haifai kusomwa kama bango la mapinduzi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Usiku wa tarehe 23 Januari 1917, katikati ya majira ya baridi, watu sita walipita katika mlango mdogo ulio kwenye nguzo ya magharibi ya tao la bustani ya Washington Square, wakapanda ngazi ya mzunguko iliyomo ndani ya nguzo hiyo, wakatokea juu ya paa. Kiongozi wao alikuwa Gertrude Drick, mwanamke kijana aliyetoka Texas kuja New York kujifunza uchoraji kwa Sloan, na ambaye pia alikuwa akitunga mashairi. Yeye ndiye aliyeugundua mlango ule na kubaini kwamba unaweza kupitika. Aliowaalika walikuwa Sloan mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka 45; Marcel Duchamp, Mfaransa wa miaka 29 ambaye picha yake ya mtu uchi anayeshuka ngazi iliwakasirisha na kuwachekesha wengi katika maonyesho makubwa ya mwaka 1913 mjini humo; na waigizaji watatu wa kikundi cha Provincetown Players, nao ni Charles Ellis, Forrest Mann na Betty Turner. Walipanda na taa za karatasi za Kichina, maputo, chakula na vinywaji, bastola za kuchezea zinazotoa mlio tu, pamoja na chupa za mpira zilizojazwa maji ya moto ili wapate kuikabili baridi ya mawe. Drick akasoma azimio, bastola zikalia, na Greenwich Village, mtaa unaoizunguka bustani ile, ikatangazwa kuwa jamhuri huru iliyojitenga na Marekani. Inasimuliwa kwamba sehemu kubwa ya azimio hilo ilikuwa ni yale maneno "kwa kuwa" yanayofungulia maandishi ya kisheria, yakirudiwa tena na tena bila kufika kwenye tamko lolote. Wakakesha, wakayaacha maputo yamefungwa ukingoni, wakashuka. Tangu hapo mlango ule umekuwa ukifungwa.

Kama habari ingeishia hapo, ungekuwa na haki ya kusema ni starehe tu. Lakini Sloan mwenyewe, alipoieleza chapa yake baadaye, alitaja jambo ambalo wengi wanalipita haraka: kwamba azimio lile liliomba ulinzi wa Rais Woodrow Wilson kwa Greenwich Village, likiwa mojawapo ya mataifa madogo. Itazame tarehe. Siku moja kabla ya karamu ile, yaani tarehe 22 Januari 1917, Wilson alilihutubia Baraza la Seneti akitaka vita vya Ulaya vimalizwe kwa amani isiyo na mshindi, akasema kwamba mataifa makubwa na madogo yanastahili haki sawa, na kwamba serikali hupata mamlaka yake halali kutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Sioni namna ya kuusoma ukaribu wa siku hizi mbili kuwa ni bahati nasibu tu. Wala njama wetu waliyachukua maneno ya rais, maneno mazito yaliyohusu nchi zilizokanyagwa na majeshi, wakayaleta mpaka mlangoni pa nyumba zao za kupanga, wakauliza: ikiwa ridhaa ndiyo msingi wa utawala, je, sisi tumeridhia nini? Hapo mzaha unageuka kuwa swali, na swali hilo ni la kisiasa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hilo lina uzito wa ziada. Januari hiyohiyo majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikuwa yakipigana katika bonde la mto Rufiji, na katika vita hivyo maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Hakuna aliyewauliza wapagazi hao kama wameridhia kutawaliwa na upande wowote kati ya hizo mbili. Silileti jambo hili ili kuwalaumu watu sita waliokuwa juu ya tao. Nalileta kwa sababu linaonyesha kwamba maneno ya Wilson yalikuwa na mipaka ambayo hata mzaha wa New York uliweza kuigusa, kwa kuwa dai la kipuuzi la mtaa mmoja kuwa taifa lilizua swali la nani hasa anayehesabiwa kuwa taifa.

Mahali palipochaguliwa nako si kwa kubahatisha. Tao la Washington Square lilisanifiwa na Stanford White. La kwanza lilikuwa la muda tu, lililojengwa mwaka 1889 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 100 tangu George Washington aapishwe kuwa rais. Likapendwa, na likajengwa jingine la marumaru lenye urefu wa mita 23 hivi, ambalo lilizinduliwa rasmi mwaka 1895. Linasimama pale ambapo Fifth Avenue inaanzia. Upande wa kaskazini wa bustani palikuwa na safu ya nyumba za matofali mekundu za matajiri wa zamani. Upande wa kusini palikuwa na nyumba za kupanga zilizojaa wahamiaji wa Kiitalia, na katikati yao vyumba vya bei nafuu walimojibanza wachoraji, washairi na waandishi. Hatua chache mashariki mwa bustani kuna jengo ambalo ghorofa zake za juu ziliungua tarehe 25 Machi 1911, katika moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle uliowaua wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Kwa hiyo mtu aliyesimama juu ya tao lile alikuwa amesimama mpakani: nyuma yake fedha, mbele yake kodi za nyumba, na pembeni mahali ambapo watu walikufa kwa uzembe wa wenye fedha. Kulipanda jiwe la heshima ya mwasisi wa taifa na kutangaza kujitenga na taifa lake ni tendo ambalo hata mtoto wa shule wa Kimarekani angelielewa mara moja, kwa sababu Washington mwenyewe alipata heshima ile kwa kuongoza uasi.

Sasa nije kwa hao wanaoitwa Wabohemia, kwa sababu umewaita watu wa starehe. Jina lenyewe lilitoka Paris, ambako katika karne ya 19 lilitumiwa kwa wasanii maskini waliokataa kazi za ofisini, ndoa za kupangiwa na heshima za matajiri, wakakaa pamoja katika vyumba vya juu na mikahawa. Greenwich Village ya miaka ya 1910 iliufuata mfano huo, lakini ilikuwa na kitu ambacho simulizi za Paris mara nyingi zilikiacha pembeni, nacho ni wanawake waliokuja kwa ajili ya kazi zao wenyewe. Walipanga vyumba peke yao, walivuta sigara mbele za watu, walikata nywele fupi, walichora, waliandika na kuongoza michezo ya kuigiza. Katika mkahawa wa Polly Holladay pale Macdougal Street mtu aliweza kula kwa bei ndogo akiwa amekaa baina ya mfuasi wa usoshalisti na mpinga serikali zote, na katika mtaa huohuo ndipo Provincetown Players walipofungua jukwaa lao dogo mwaka 1916. Usisahau kwamba mwezi huohuo wa Januari 1917, katika jiji hilohilo, Ethel Byrne alifungwa jela kwa kufanya kazi katika kliniki ya uzazi wa mpango aliyoifungua pamoja na dada yake Margaret Sanger, naye akagoma kula gerezani. Wanawake wa jimbo la New York walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura; waliipata Novemba mwaka huo. Kwa hiyo aliposimama mwanamke asiye na kura juu ya tao la taifa na kusoma azimio la kuanzisha jamhuri, huku wanaume wawili mashuhuri wakimsikiliza kama raia wake, hapo pana jambo la kijamii ambalo divai peke yake haiwezi kulieleza.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mhusika mkuu wa kisa hiki ni Drick, si Duchamp. Vitabu vingi humtanguliza Duchamp kwa sababu ya umaarufu alioupata baadaye, na chapa yenyewe hukumbukwa sana kwa kuwa yeye yumo. Hiyo ni tabia ya historia ya sanaa ambayo ninyi mtakaofundisha inawapasa kuipinga kila mnapoikuta. Sloan aliandika wazi kwamba mwanzilishi alikuwa Drick.

Na Sloan ni nani hata tumwamini? Alizaliwa mwaka 1871 huko Lock Haven, Pennsylvania, akakulia Philadelphia. Akiwa na miaka 16 aliacha shule ili aitegemeze familia, akaajiriwa katika duka la vitabu na picha; humo ndimo alimojifunzia mwenyewe, kwa kusoma kitabu cha mafunzo na kunakili chapa za Rembrandt, ufundi wa kuchora juu ya bamba la chuma. Baadaye alichora kwa ajili ya magazeti ya Philadelphia, kazi iliyomzoesha kukishika kisa kwa haraka na kumtambua mtu kwa jinsi alivyosimama. Mwaka 1904 alihamia New York, na mwaka uliofuata akaanza mfululizo wa chapa 10 za maisha ya jiji: mwanamke akizima taa kabla ya kulala, familia zilizolala juu ya paa usiku wa joto, watu wakichungulia katika mashine za picha za senti moja. Mwaka 1906 chama kimoja cha wachoraji wenye heshima zao kilimwalika aonyeshe mfululizo huo, kisha kikamrudishia chapa 4 kwa hoja kwamba ni za aibu. Hakuna lolote la aibu ndani yake. Kosa lake ni kwamba zilionyesha watu wa kawaida wakiwa kama walivyo.

Mwaka 1910 alijiunga na Chama cha Kisoshalisti na akagombea kiti cha bunge la jimbo. Alichora kibonzo kuhusu moto wa Triangle. Alishiriki kuipamba jukwaa la onyesho kubwa la wafanyakazi wa viwanda vya hariri wa Paterson waliogoma, lililofanyika katika ukumbi wa Madison Square Garden mwezi Juni 1913. Alikuwa mhariri wa picha wa The Masses, jarida la kisoshalisti la New York, na jalada alilolichora la Juni 1914 ni mojawapo ya kazi kali kabisa za uchoraji wa kisiasa nchini humo: mchimbaji wa makaa ya mawe wa Ludlow, Colorado, amembeba mtoto aliyekufa kwa mkono mmoja na kwa mwingine anafyatua bastola, baada ya walinzi wa kampuni na askari wa jimbo kuchoma kambi ya mahema ya wagomaji mwezi Aprili. Linganisha bastola ile na bastola za kuchezea za juu ya tao. Mkono uliozichora ni mmoja, na baina yake ni chini ya miaka 3.

Katikati ya miaka hiyo mitatu kuna mfarakano. Mwaka 1916 wachoraji kadhaa wa The Masses, Sloan akiwa miongoni mwao, waligombana na wahariri wenzao kuhusu maandishi ya chini ya picha. Walisema michoro yao ilikuwa ikibandikwa maneno ya propaganda ambayo hayakuwa yao. Walishindwa kwenye kura, Sloan akajiuzulu, na ushiriki wake katika siasa za chama nao ukafikia kikomo. Kwa maoni yangu huu ndio ufunguo wa chapa yetu. Mtu aliyeichora hakuwa ameacha kuamini kwamba jamii ile ilikuwa na dhuluma. Alikuwa amechoka kuagizwa na chama au jarida jinsi ya kulisema hilo. Jamhuri isiyo na jeshi, isiyo na chama, na isiyo na kifungu hata kimoja cha sheria baada ya yale "kwa kuwa" ilikuwa, kwake, picha ya ushirika ambao hakuna anayemtawala mwenzake. Unaweza kuuona huo kuwa ni udhaifu wa kisiasa, na kuna wanaoona hivyo. Hauwezi kuitwa upuuzi.

Hapa ndipo linapoingia swali lako la pili, kwa nini chapa, tena ndogo. Chapa hii ni ya tindikali, na ina ukubwa wa kama sentimita 11 kwa 15 tu, yaani karibu na postikadi. Bamba la chuma hupakwa tabaka jembamba la nta na lami, kisha mchoraji huchora kwa sindano akiliondoa tabaka hilo mstari kwa mstari bila kukichimba chuma chenyewe. Bamba likishazamishwa katika tindikali, chuma kilichoachwa wazi huliwa, na kadiri kinavyokaa ndani ndivyo mfereji unavyozidi kuwa na kina na mstari unavyozidi kuwa mweusi. Baada ya hapo tabaka husafishwa, wino hupakwa na kufutwa mpaka ubaki ndani ya mifereji peke yake, na karatasi iliyoloweshwa hushindiliwa juu yake kwa mashine yenye rola nzito. Wasomaji wa Dar es Salaam waliowahi kuziona chapa za Robino Ntila wa Nyumba ya Sanaa wanaujua ufundi huu, hata kama mambo aliyoyachora ni mengine kabisa.

Ufundi huo una tabia mbili zilizomfaa Sloan. Ya kwanza ni kasi ya mkono: sindano huteleza juu ya nta bila kupambana na chuma, kwa hiyo mstari hubaki na uhai wa mchoro wa haraka, jambo linalomfaa mtu aliyezoea kazi ya gazeti. Ya pili ni wingi wa nakala. Bamba moja hutoa chapa nyingi, na toleo la chapa hii lilipangwa kuwa la nakala 100, ambazo mtu asiye na uwezo wa kununua picha ya rangi angeweza kuzimudu. Kwa kweli chapa za Sloan ziliuzwa polepole sana kwa miaka mingi, na walionunua hawakuwa wafanyakazi wa viwandani bali wakusanyaji wachache. Lakini nia ya kuchagua ufundi wa karatasi na bei ndogo ilikuwa sehemu ya msimamo wake. Picha kubwa ya mafuta yenye fremu ya dhahabu ingewageuza wala njama hawa kuwa mashujaa wa taifa, na wao walikuwa wamepanda juu ili wayacheke mambo ya namna hiyo.

Chukua sasa kitabu chako uitazame chapa kwa karibu, na uanze na giza. Sloan hakutumia doa la wino lililosambazwa. Usiku wote umejengwa kwa mistari, tabaka juu ya tabaka, ikikatizana kwa pembe mbalimbali mpaka nafasi zilizo baina yake zinakaribia kuzibika. Kisha angalia mwanga. Katika chapa ya namna hii mwanga haupakwi. Ni karatasi iliyoachwa bila wino. Taa za karatasi zilizoning'inizwa juu ya vichwa vya watu ni mahali ambapo mchoraji aliuzuia mkono wake. Hilo lina maana kwa mtu anayejifunza kuchora: furaha yote ya karamu ile, joto lote lililo katika nyuso na mikono ya wale watu waliokusanyana, limetengenezwa kwa kutokuchora, huku nguvu na saa za kazi zikitumika kwenye usiku unaowazunguka.

Halafu tazama walivyokaa. Wamekaribiana, wamejikunyata ndani ya makoti na kofia, wanaelekeana wao kwa wao. Ukingo wa mawe unawatenga na jiji lililo nyuma, na jiji lenyewe linaendelea na usiku wake. Hakuna umati unaowasikiliza kutoka chini, hakuna bendera, wala anayenyoosha mkono kwa historia. Sloan alijua vizuri kuchora umati. Magazeti na The Masses vilimfunza hivyo. Kama angetaka kuonyesha kwamba tangazo lile liliitikisa New York angeweka watu bustanini wakiinua macho. Badala yake ameonyesha uasi ambao haukuhitaji mtazamaji, na ametuweka sisi juu ya paa, upande wa ndani wa ukingo, kama mgeni aliyechelewa kufika. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mhadhiri wako, kwani neno "uasi" linatufanya tutafute adui katika picha, na adui hayumo. Walichokipinga kipo kwa namna ya kutokuwepo: hakuna polisi, hakuna bosi, hakuna mwenye nyumba, hakuna mume anayesubiri maelezo.

Haki yako nawe nisiifiche. Kuna watu ambao nao hawamo katika picha hii, na kutokuwepo kwao hakukukusudiwa kuwa na maana yoyote. Wahamiaji wa Kiitalia wa upande wa kusini, ambao mtaa ule ulikuwa wao zaidi kuliko wa wachoraji, hawakuulizwa kama wanataka kuwa raia wa jamhuri mpya. Kadhalika familia za Weusi waliokaa kwa vizazi katika vichochoro vya karibu na Minetta Lane, ambao wengi wao kufikia wakati huo walikuwa wamekwisha kuhamia sehemu za kaskazini za jiji. Wabohemia wangeweza kukesha juu ya tao na kushuka bila kufungwa kwa sababu walikuwa Wazungu, wenye elimu na wenye majina. Kijana wa Kiitalia aliyefyatua bastola ya kuchezea juu ya mnara wa taifa saa nane za usiku pengine angepokewa kwa namna nyingine. Ukiandika haya katika insha yako hutakuwa umeidharau chapa. Utakuwa umeisoma kwa kipimo kilekile cha ridhaa ambacho wala njama walikitumia kumsoma Wilson.

Yaliyofuata yaliupa usiku ule rangi ambayo wenyewe hawakuweza kuijua. Tarehe 6 Aprili 1917 Marekani iliingia vitani. Siku nne baadaye yalifunguliwa maonyesho ya kwanza ya Chama cha Wasanii Huru, ambacho Sloan na Duchamp wote walikuwa na mkono ndani yake na ambacho kanuni yake ilikuwa kutokuwa na jopo la waamuzi wala zawadi: mwenye kulipa dola 6 aliruhusiwa kuonyesha. Duchamp akapeleka bakuli la kukojolea la kauri lililotiwa saini ya jina la bandia, R. Mutt, viongozi wakalikataa, naye akajiuzulu. Kwa hiyo mnamo miezi mitatu tu tangu karamu ya juu ya tao, uhuru usio na waamuzi ulikuwa umeshagongana na ukomo wake miongoni mwa marafiki wenyewe. Mwezi Juni ikapitishwa Sheria ya Ujasusi, iliyotumiwa pia kuwabana waliopinga vita. Kuanzia Agosti The Masses ikazuiwa kupita katika posta, ikafa kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliofuata wahariri wake wakafikishwa mahakamani mara mbili, ambapo mara zote mbili baraza la waamuzi wa mahakama lilishindwa kuafikiana. Mzaha wa kujitenga na Marekani, ambao mwezi Januari uliishia kwenye kufungwa kwa mlango, ungekuwa wa hatari kweli kweli kama ungefanyika katika majira ya joto ya mwaka huohuo. Naiona tarehe iliyo chini ya chapa hii kuwa ni sehemu ya maana yake: ni miongoni mwa nyakati za mwisho ambapo watu wa mtaa ule waliweza kuichezea serikali yao hadharani bila kuogopa gereza.

Mtaa nao ulikuwa ukibadilika. Seventh Avenue ilikuwa ikipasuliwa kupita katikati ya vichochoro vyake, treni ya chini ya ardhi ikafika mwaka 1918, wageni wakaanza kuja kuwatazama Wabohemia, na kodi za nyumba zikapanda. Sloan hakuhama upesi. Aliendelea kukaa karibu na bustani ile kwa miaka mingi, akaongoza Chama cha Wasanii Huru kuanzia 1918 hadi 1944, na kwa muda wote huo akaitetea kanuni ya kutokuwa na waamuzi hata pale maonyesho yalipojaa kazi dhaifu. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba yule aliyekuwa juu ya tao hakuwa akitania peke yake.

Kwa ajili ya insha yako, nakushauri uiweke Arch Conspirators kando ya chapa nyingine aliyoitengeneza Sloan mwaka huohuo wa 1917, iitwayo Hell Hole. Hiyo inaonyesha chumba cha nyuma cha baa iliyokuwa kwenye kona ya Sixth Avenue na West Fourth Street, na katika pembe ya juu kulia ameketi Eugene O'Neill, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mteja wa kudumu humo. Katika hiyo Sloan aliongeza akwatinta, ufundi unaotoa kiza cha doa badala ya mistari mitupu, na chumba kizima kinaonekana kizito kwa moshi na pombe. Watu ni wa jamii ileile, na baadhi yao ni marafiki walewale wa Provincetown Players. Zitazame mbili pamoja, uangalie ni mahali gani mchoraji amewapa hewa na ni mahali gani amewanyima, kisha uandike kuhusu tofauti hiyo. Jumba la makumbusho la Delaware Art Museum lina mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa kazi zake, na lile la Metropolitan la New York nalo lina chapa zake nyingi. Majumba yote mawili huonyesha makusanyo yao kwenye intaneti, nawe utaweza kuikuza picha mpaka uuone mstari mmoja mmoja wa sindano.